Ng'ombe wa Wamuyu kwenye Leja

Sachangwan
8 Juni 1958

Kipketer ameandikwa karani wa vitabu Nakuru. Karani, Mama Njoki, wa kukaa kwenye kiti chenye mgongo. Salamu utazipata huko chini, mkono wangu umekataa kungoja.

Ni lile duka kubwa la vifaa vya shamba karibu na stesheni, la Bwana Jethalal, linalouza plau, mbegu, waya, magunia na dawa ya kuogesha ng'ombe. Wazungu wa kutoka Naivasha mpaka huku kwetu hawanunui kwa pesa mkononi. Wanatia sahihi, wanapakia, wanaenda, na pesa inakuja ngano au pareto ikishauzwa. Sasa nani anajua huyu alibeba nini, siku gani, amelipa ngapi na imebaki ngapi? Ni Kipketer. Huyo huyo uliyekuwa ukinisaidia kumbeba tukichuma pareto, akikulilia ndani ya sikio.

Wacha nikwambie alivyopata. Walikuja vijana kumi na mmoja, wengine wamevaa viatu vya kung'aa. Karani mkubwa wa hapo ni Mgoa mzee, Bwana Fonseca, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi. Akawapa kila mmoja bunda la risiti na karatasi, akasema jumlisheni. Wengine walimaliza upesi wakakaa wakitazama dirisha. Kipketer alimaliza wa mwisho kabisa. Bwana Fonseca akamuuliza, "Wewe ulilala?" Akajibu, "Hapana, Bwana. Risiti moja haina sahihi ya aliyepokea mali. Nimeiweka kando, kwa sababu huyo mtu akikataa, hatuna la kumwonyesha." Wale kumi walikuwa wameijumlisha. Kumi wote, Mama Njoki.

Atajaribiwa miezi mitatu kwa shilingi mia na ishirini. Akifaulu ni mia na sitini. Na hii si kazi ya kuisha kama kazi ya kuchuma. Mvua ikinyesha watu wanakopa mbegu, isiponyesha wanakopa chakula cha ng'ombe. Hata hao Wazungu wakichoka siku moja warudi kwao, si lazima awepo mtu wa kujua nani aliacha deni wapi? Baba yake ananiambia nipunguze maneno. Nimemwambia yeye achunge ng'ombe za Bwana, maneno aniachie mimi.

Nimeshatangaza kanisani. Mchungaji alisema matangazo yatosha, lakini nilikuwa nimesimama tayari.

Salamu sasa. Hamjambo huko Kabazi? Ngigi hajambo, na Njoki? Sisi ni baridi tu.

Ni mimi rafiki yako,
Chepngeno, Mama Kipketer

*

Kabazi
22 Juni 1958

Mama Kipketer,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta salamu. Hatujambo.

Nimefurahi mpaka Ngigi aliniuliza kama ni wewe umekuja. Mtoto huyo alinichafulia nguo tatu mgongoni, kwa hiyo naona kiti hicho chenye mgongo nami nimekikalia kidogo. Mwambie namsifu kwa ile risiti. Hapa nyapara wetu huhesabu debe za kahawa kwa macho, na macho yake siku zote yanaona pungufu.

Nina jambo la kukuuliza. Njoki yuko darasa la nne, na mwalimu anasema atapita mtihani wa mwisho wa mwaka bila shaka. Januari ni shule ya kulala. Karo ni shilingi sitini, na kuna blanketi, sanduku na sare. Mshahara wetu wa kahawa unaujua. Ngigi akasema, "Si tuna ng'ombe kwa Mama Kipketer?"

Sikukumbushi kwa ubaya. Siku ile ya 1953, wakati wa Hali ya Hatari, askari walipotupakia kwenye malori kutupeleka Nyeri, nilikuachia kamba ya ng'ombe wetu Ndune mkononi, na tukasema vile kwenu na kwetu husemwa: maziwa yako, ndama wangu. Mwaka wa 1955 uliniandikia kwamba amezaa jike na kwamba yule dume wa kwanza ni mkubwa. Tangu hapo tumerudi huku kwa kibali cha kazi, na Bwana wa hapa haruhusu mfanyakazi kufuga, kwa hiyo sijasumbua. Sasa nataka tu kujua ni wangapi, tuuze mmoja kwa ajili ya mtoto.

Nijibu hilo, hata kama ni kwa mstari mmoja katikati ya habari za karani.

Wako,
Wamuyu, Mama Njoki

*

Sachangwan
20 Julai 1958

Mama Njoki mpendwa,

Salamu nimetanguliza, usiniseme tena. Ndune mzima, manyoya yake yanang'aa.

Kipketer alikuja Jumapili iliyopita. Mkono wake wa kulia una wino wa bluu na wa kushoto mwekundu. Nilitaka kuosha akakataa, nikaona afadhali, watu wa kanisani wauone. Anasema kwenye leja kila jambo huandikwa mara mbili. Gunia likitoka dukani linaandikwa kwa mzungu aliyelichukua, na linaandikwa tena kwa upande wa mali iliyopungua. Mwisho wa mwezi pande mbili zisipolingana hata kwa senti tano, hakuna kwenda nyumbani. Mwezi wa Juni zilikosa kulingana kwa shilingi tatu. Alizitafuta siku mbili. Zilikuwa za mkebe mmoja wa misumari ulioandikwa upande mmoja tu.

Halafu sikiliza hii. Nilimuuliza, "Bwana wetu wa hapa anadaiwa ngapi?" Kwa sababu najua yumo mle ndani, lori la Jethalal linakuja hapa kila wiki. Mtoto wangu akanitazama akasema, "Mama, hiyo ni siri ya duka." Mimi niliyemzaa. Nilikasirika mpaka chai ikapoa. Halafu nikafurahi. Mtu mwenye mdomo kama wangu kuzaa mtu mwenye mdomo kama huo ni kazi ya Mungu.

Wameleta mashine ya kujumlisha. Unabonyeza, unavuta mkono wake, inatoa karatasi yenye jumla. Vijana wa dukani wakasema makarani wamekwisha. Bwana Fonseca akacheka akasema mashine haijui kumwandikia mtu anayedaiwa barua ya kumfanya alipe na bado arudi kununua. Hiyo ndiyo anamfundisha sasa. Anasema kijana anayejua leja, taipa na barua za namna hiyo hatakosa kazi Nakuru, Kisumu wala Nairobi. Amemwambia hata akirudi nyumbani afungue daftari, aandike hesabu za kwao, nani anawadai na nani wanamdai, mkono uzoee. Kipketer alikaa na baba yake siku nzima wakiandika. Mimi nilikuwa na shughuli jikoni.

Nitakuandikia mengine nikipata nafasi. Msalimie Njoki, asome sana.

Wako,
Chepngeno

*

Nakuru
30 Agosti 1958

Bi Wamuyu wa Ngigi,
Kabazi

Hesabu yako mpaka mwisho wa Agosti 1958 ni kama hivi:

Januari 1953, ng'ombe jike mmoja mwekundu, amepokewa.
Machi 1954, ndama dume mmoja. Ameuzwa Mei 1955, Sh. 85.
Februari 1955, ndama jike mmoja. Ameuzwa Januari 1957, Sh. 140.
Oktoba 1957, ndama jike mmoja. Yupo.

Jumla: Sh. 225 na ng'ombe wawili.

Tafadhali hakikisha hesabu hii na ujibu katika siku kumi na nne.

Wako mtiifu,
Naftaly Kipketer
Karani

*

Kabazi
9 Septemba 1958

Mama Kipketer,

Nimepata barua ya Kipketer. Imeandikwa kwa taipa kwenye karatasi ya duka, yenye picha ya plau juu. Chini kuna maneno mekundu ya Kiingereza yaliyopigwa chapa. Nyapara alinisomea hayo ya Kiingereza. Alisema maneno hayo anayajua, hata Bwana huletewa karatasi hiyo, na maana yake ni kwamba unadaiwa, ulipe upesi. Alisema ninadaiwa shilingi mia mbili ishirini na tano na ng'ombe wawili, kwa malisho ya miaka mitano na nusu, na kwamba ndama walishauzwa kupunguza deni.

Sikujua kwamba malisho ni ya kulipa. Kwetu mtu akikuachia ng'ombe kwa shida, huandiki. Lakini nyinyi sasa mna karani nyumbani.

Ngigi ameona tuanze kulipa. Ameipeleka baiskeli yake kwa mtu wa Subukia amwuzie. Njoki nimemwambia kuhusu Januari tungoje kwanza.

Nilidhani ulikuwa hunijibu kwa sababu ya furaha. Pesa tutaleta kidogo kidogo.

Wamuyu

*

Sachangwan
21 Septemba 1958

Wamuyu rafiki yangu,

Barua hii haikupita posta. Mwenye kukupa ni Kipketer mwenyewe, yuko mbele yako sasa. Usimpe kiti mpaka umalize kusoma.

Hudaiwi hata senti. Sisi ndio tunadaiwa na wewe. Karatasi ile aliitoa kwenye bunda la duka kwa sababu aliona inapendeza. Maneno mekundu yako kwenye kila karatasi ya bunda hilo, na yeye macho yake yameyazoea mpaka hayaoni tena. Aliandika kwamba wewe ni mtu wa kulipwa, akatuma kwenye karatasi ya mtu wa kulipa. Bwana Fonseca alipojua alimwuliza, "Umemwogopesha mtu ambaye wewe ndiwe unadaiwa naye, na kwa karatasi ya duka?" Amemwongezea mwezi mmoja wa kujaribiwa. Kipketer alilia, na mimi nimeapa kutomwambia mtu, lakini wewe si mtu, wewe ni Wamuyu.

Hilo ni kosa lake. Sasa sikiliza la kwangu.

Mwaka wa 1955 alipita mtihani kwenda shule ya kulala. Hatukuwa na kitu. Nilimtazama dume lako nikasema, nitaliuza, nitalirudisha kabla Wamuyu hajarudi. Nani alijua mtarudi? Kisha mwaka wa 1957 mwalimu mmoja wa Nakuru wa kufundisha vitabu vya hesabu akataka shilingi mia na hamsini. Nikamtazama yule jike. Baba yake alisema tukuandikie kwanza. Nikasema wacha. Nilisema wacha kwa sababu nilijua ungekubali, na sikutaka kuomba. Nilitaka kuwa mtu aliyesomesha mtoto wake mwenyewe. Halafu nikasimama kanisani nikajisifu, nikakuandikia nikajisifu, nawe ukaniuliza ni wangapi, nikakujibu habari ya manyoya.

Kipketer hakujua. Aliyajua siku ile ya daftari. Baba yake alikuwa akitaja, yeye akiandika, upande huu wanaotudai, upande huu tunaowadai. Walipofika kwa Ndune akauliza, "Ndama wako wapi?" Baba yake akamtajia waliuzwa lini, kwa bei gani na kwa karo ya nani. Akaniita kutoka jikoni. Nikasema nina shughuli. Akakaa akiutazama ule mstari wako, kisha akasema, "Basi mimi ndiye ndama." Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Akarudi Nakuru akaandika ile barua, bila kuniambia, kwa sababu alijua nitamwambia wacha.

Wamuyu, nimekuibia nikijisifu, na nimekuacha uumie wiki mbili kwa deni ambalo ni langu. Kama hutaki kuniandikia tena, mwambie Kipketer kwa mdomo, atanifikishia jinsi ilivyo, haongezi wala hapunguzi. Na baiskeli isiuzwe.

Chepngeno

*

Kabazi
12 Oktoba 1958

Mama Kipketer,

Nilikasirika. Nakuambia ili usidhani sikukasirika. Nilisoma barua yako nimesimama, na mwanao amesimama, kofia mkononi, mvua inamnyeshea mgongoni kwa sababu ulisema nisimpe kiti na yeye aliona kuingia ndani ni kama kukaa. Ngigi ndiye aliyesema, "Mvute ndani huyo, ataugua tudaiwe tena."

Tulipompa chai alitoa daftari. Akanionyesha mistari yangu. Akasema, "Mama, hakikisha kama nimekosea mahali." Nikamwambia amekosea, Ndune hakupokewa Januari, ilikuwa Februari, tarehe tatu, nilikuwa na kamba yake mkononi na askari ananivuta mkono wa pili. Akafuta kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akanipa kalamu nitie sahihi pembeni. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kalamu namna hiyo. Tangu siku ya malori watu huniandika, hawaniulizi.

Baiskeli ilikuwa imeshauzwa. Alienda na Ngigi mpaka Subukia kwa miguu. Ngigi anasema yeye mwenyewe angegombana. Lakini Kipketer alimsalimia yule mtu, akamwuliza habari za ng'ombe wake, za mke wake, za mguu wake mbovu, na mwisho kabisa ndiyo akasema shida imeondoka na mwenye mali anaomba mali yake. Akarudisha zile shilingi na tano zaidi za usumbufu, kutoka mfukoni mwake. Yule mtu akamwambia arudi siku nyingine wanywe chai. Mwambie Bwana Fonseca hilo. Au mwonyeshe barua hii. Kama anataka karani wa kudai watu na bado warudi, hapo yupo.

Sasa hesabu yangu. Ngigi na mimi tumekaa tukaona hivi.

Ndune na yule jike mdogo wabaki kwako, maana hapa hawaruhusiwi. Lakini majina yao yawe kwenye daftari kwa jina langu.

Shilingi mia mbili ishirini na tano sizitaki mkononi. Nikizipata zitaishia kwa unga. Ndama wawili walimsomesha Kipketer. Basi Kipketer amsomeshe Njoki, karo ya kila muhula, mpaka hesabu iishe. Njoki alikaa karibu naye akaangalia lile daftari mpaka taa ikafifia. Alimwuliza kwa nini gunia moja liandikwe mara mbili. Akaeleza. Asubuhi nilimkuta ameandika kuku wetu wanne mara mbili mbili ukutani kwa makaa.

Na la mwisho. Kuanzia leo kujisifu juu ya huyo mtoto ni kwetu wawili. Hapa Kabazi nimeshaanza. Nimemwambia nyapara, yule aliyenisomea vibaya, kwamba nina kijana karani Nakuru, nilimsomesha kwa ng'ombe wangu. Alitaka kujua ni wa kwangu namna gani. Nikamwambia hiyo ni siri ya duka.

Wako,
Wamuyu

*

Sachangwan
2 Novemba 1958

Amethibitishwa, Mama Njoki. Mia na sitini, na ufunguo wa kabati la leja. Karani wetu amethibitishwa.

Nimeandika "wetu", umeona. Kanisani pia nilisema hivyo. Nilisimama, mchungaji akashika kichwa, nikasema kijana aliyethibitishwa kazi amesomeshwa na mama wawili, na mmoja yuko Kabazi, na ndama waliouzwa hawakuwa wangu. Baba yake alikuwa anatazama viatu. Halafu Chelagat, yule mwimbaji wa sauti nzito, akasema, "Kumbe tangu Juni tulikuwa tukisikia nusu." Wakacheka, nami nikacheka, nikakaa.

Bwana Fonseca alisoma barua yako yote. Kipketer anasema aliisoma sehemu ya baiskeli mara mbili, akavua miwani. Akasema miaka thelathini amefundisha makarani kuanza barua na jumla, sasa ataanza kuwafundisha waanze na mguu mbovu. Akauliza pia huyo msichana wa kuku ana miaka mingapi. Alisema ile mashine inahitaji mtu wa mkono mtulivu, na dukani bado hajaingia msichana, lakini miaka haiko mbali. Nimekuandikia vile alivyosema, sijaongeza. Ilikuwa vigumu.

Yule jike mdogo ni mwekundu kama mama yake, na doa jeupe kwenye paji la uso. Hatujampa jina, ni wako kumpa. Kipketer amefungua ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, juu ameandika jina lako, na chini hakuna maneno mekundu, nilitazama mwenyewe.

Karo ya muhula wa kwanza iko tayari kwenye bahasha. Hataituma kwa posta, anataka kumpa Njoki mkononi, na Njoki atie sahihi kwamba amepokea.

Mwombe Bwana wenu mapema kibali cha safari cha watu watatu, wewe, Ngigi na Njoki, maana huwa wanachelewesha. Bwana Fonseca amesema atakuja, na tai yake. Chelagat atakuja na waimbaji, na mchungaji atakuja, amesema ili mradi nisisimame. Maziwa ya kibuyu nimeshayaweka, ni ya Ndune. Tunawangojea nyote kwenye sherehe ya karani wetu, Jumamosi, tarehe sita Desemba.

Mama Kipketer